Siku Niliyotoa Hukumu Nikiwa Shahidi

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa bado na meno ya kutafunia na akili ya kujua ninachokitafuna, ingawa nakiri mbele yenu, ndugu zangu, kwamba ipo siku moja mwaka jana ambapo ukumbi mzima wa watu uliona meno yapo kinywani na akili imekwenda matembezini. Namshukuru hata kwa siku hiyo. Na ninaisimulia mwenyewe kwa sababu huku kwetu Ilemela inasimuliwa na watu ambao hawakuwapo, nao wameitia chumvi mpaka wengine wanasema nilimchapa wakili bakora. Sikumchapa mtu. Bakora nilikuwa nayo, hilo kweli, lakini nilipiga sakafu tu.

Kwanza mjue mimi ni nani, ili mpate kuelewa kiburi kilitoka wapi. Nimekuwa katekista miaka mingi, tangu nikiwa kijana kule Majita mpaka nilipohamia Mwanza, na kwa muda mrefu pia nilikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, yaani mmoja wa wale wazee wawili wanaokaa na hakimu na kumsaidia kuamua. Enzi zetu mawakili hawakuingia mahakama zile. Mdai anasema, mdaiwa anasema, shahidi anasema, halafu hakimu na sisi wazee tunauliza tunavyotaka, tena mimi nilikuwa muulizaji hodari (hakimu mmoja aliwahi kuniomba, kwa heshima zote, niwaachie watu muda wa kwenda kula). Kwa hiyo sheria ya Kanisa nilikuwa nayo, ya serikali nilikuwa nayo, ya mila nimenyonya, na tangu nimeoa naijua pia sheria ya mama mkwe, ambayo haina rufaa.

Sasa, mjukuu wangu Nyanjura, mtoto wa binti yangu Nyangeta, anasoma sheria katika chuo kimoja hapa jijini. Jumapili moja baada ya ibada alikuja nyumbani, bibi yake akatuwekea sato na ugali wa muhogo, na tulipokuwa tunanawa mikono mtoto akaanza.

"Babu, kuna somo tunasoma, linaitwa sheria linganishi."

"Linalinganisha nini na nini?"

"Sheria za watu mbalimbali. Unachukua kesi moja, unaangalia Waingereza wangeiamua vipi, halafu wale wa Ulaya bara, halafu Waislamu, halafu wazee wetu. Si kuangalia jibu tu, Babu, hata namna ya kulifikia. Nani anauliza, nani ananyamaza."

"Hilo somo," nikamwambia, "nimelifundisha maisha yangu yote bila kujua lina jina."

Akacheka, kisha akanieleza shida yake. Chuoni kulikuwa na mashindano. Kesi moja ya kubuni, wanafunzi wawili wanapambana nayo mara tatu kwa mifumo mitatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwa namna ya Ulaya bara, ile ambayo majirani zetu wa Burundi waliipokea kwa Wabelgiji, ambapo jaji mwenyewe ndiye anayehoji mashahidi. Hiyo ilikwisha, na Nyanjura alikuwa sawasawa na mpinzani wake, kijana mmoja Mhaya aitwaye Mutalemwa. Mara ya pili itakuwa kwa namna ya Kiingereza, ambayo ndiyo ya mahakama zetu kubwa, mawakili wawili wanapambana na jaji anasikiliza. Ya tatu, siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana, itakuwa kwa namna ya baraza la wazee. Atakayeshinda atakwenda Kampala kushindana na vyuo vya nchi jirani. Nyanjura hajawahi kuvuka mpaka wowote. Hati ya kusafiria alikuwa ameshaipata, ameifunga kwenye kitambaa kama mtu anayetunza pete ya uchumba.

Na kesi yenyewe ilikuwa hivi. Masatu ana mtumbwi. Bwire anauazima kwenda kuvua. Upepo unachafuka, mtumbwi unazama, watu wanapona. Masatu anadai alipwe mtumbwi wake. Nyanjura alikuwa wakili wa Masatu, Mutalemwa wakili wa Bwire.

"Kwa namna ya Kiingereza," Nyanjura akasema, "mila ni lazima iletewe shahidi anayeijua. Nataka uwe shahidi wangu, Babu. Utasema mila inavyomtaka mtu aliyeazima chombo."

Nilikubali kabla hajamaliza. Akatoa karatasi tatu alizoziandika kwa mkono wake, maswali na maelekezo, akanisihi nizisome zote mpaka ziniingie. Nikazichukua kwa mikono miwili kama inavyopasa, nikazitia ndani ya kitabu changu cha nyimbo, na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulionifikisha nilikofika. Niliamua kutozisoma. Sikusahau. Niliamua. Bibi yake aliniuliza mara mbili wiki ile.

"Baba Nyangeta, yale makaratasi ya mtoto umeyasoma?"

"Samaki hafundishwi kuogelea, mama."

"Samaki huyohuyo ndiye tunayemla kila siku," akasema, akaenda zake jikoni.

Siku ilipofika nilivaa koti langu la harusi za watu, nikachukua bakora, nikaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi. Mbele walikaa majaji watatu, na mkuu wao alikuwa mama mmoja jaji mstaafu, wa kweli kabisa, miwani imening'inia kifuani, uso mtulivu wa mtu aliyesikiliza uongo miaka mingi bila kukasirika. Nyanjura alikuwa katika joho jeusi, na nilipomwona hivyo moyo ulijaa nikamshukuru Mungu palepale. Kisha nikaitwa kizimbani, karani akaniletea Biblia niape.

Nikaapa. Na kwa kuwa Biblia ilikuwa tayari mkononi, nikaona haitapendeza kuirudisha hivihivi, nikasema, "Natuombe." Niliomba kwa kifupi (Nyanjura anasema ni dakika nne, nami sina sababu ya kumpinga, kwa sababu kulikuwa na kengele ya muda na nakumbuka ililia mara mbili, nikadhani ni ya kanisa la jirani). Nilipomaliza, jaji mkuu akasema "Amina" kwa sauti. Hapo ndipo nikajua nimekubalika.

Nyanjura akasimama. "Shahidi, iambie mahakama jina lako."

Nikamtazama. Akanitazama. Nikasubiri. Mtoto niliyemlea, asubuhi hatujaonana, anasimama mbele yangu ananiita shahidi bila salamu? Nikaendelea kusubiri, kwa uvumilivu, kama ninavyosubiri watoto wa mafundisho. Mwishowe akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Mutalemwa akaruka juu. "Pingamizi, Mheshimiwa! Wakili anamwamkia shahidi wake!"

"Pingamizi limekataliwa," akasema jaji mkuu, na akaniinamia kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Watu walicheka, nami nikacheka nao, maana nilidhani tunacheka jambo moja.

Maswali ya Nyanjura yalikwenda vizuri. Mtu akiazima mtumbwi, mila inamtaka aurudishe vipi? Nikasema aurudishe mzima, umekaushwa, makasia yote yamo, na kama alipata samaki asije mikono mitupu. Ukivunjika kwa uzembe wake? Atachonga mwingine. Niliona majaji wanaandika. Kisha, mara tu nilipoanza kupata joto, Nyanjura akasema, "Sina swali zaidi."

"Mimi ninayo zaidi," nikamwambia.

"Asante, shahidi."

"Hujaniuliza habari za—"

"Asante *sana*, shahidi."

Nikaona labda ameshikwa na woga, nikamwonea huruma.

Akasimama Mutalemwa. Kijana mrefu, amechana nywele vizuri, Kiswahili chake kimepigwa pasi (na ninyi Wahaya mnajua nawapenda, ila hamna kitu mnachokivaa bila kukipiga pasi).

"Shahidi, ni kweli wakili aliyekuita ni mjukuu wako?"

"Ni kweli. Nimembeba mgongoni."

"Kwa hiyo umekuja kumsaidia ashinde."

"Nimekuja kusema kweli."

"Umewahi kumiliki mtumbwi?"

"Mimi ni katekista."

"Jibu swali, shahidi. Umewahi au hujawahi?"

"Sijawahi."

Akageuka kuwatazama majaji, akakunja mikono ya joho. "Basi nakuambia, shahidi, kwamba hiyo unayoiita mila umeitunga kumfurahisha mjukuu wako. Nakuambia kwamba hapo ulipo unaidanganya mahakama hii."

Ndugu zangu, leo najua. Leo najua kwamba katika mfumo ule maneno hayo ni nyundo ya fundi tu, wakili ni lazima amweleze shahidi usoni kwamba anamtilia shaka, ili shahidi apate nafasi ya kukanusha, na jioni wanakunywa chai pamoja. Lakini miaka yote niliyokaa mahakamani sikuwahi kusimama upande ule wa mbao, wa kizimbani. Nilichosikia mimi ni kijana wa umri wa wajukuu zangu ananiita mwongo hadharani, na Biblia niliyoapia bado haijapoa.

Nikafungua kile kilango cha kizimba. Nikatoka.

"Kijana," nikamwambia, "baba yako ni nani?"

"Mheshimiwa..." akamgeukia jaji.

"Usimwangalie mama, niangalie mimi. Nimekuuliza baba yako ni nani."

"Ni... ni mwalimu, babu. Wa Muleba."

"Mwalimu Muleba ndiye aliyekufundisha kumwambia mzee kwamba ni mwongo?"

"Hapana, babu."

"Basi sema unachopaswa kusema."

Na yule kijana (Mungu amtunze, maana alilelewa) akaweka mikono nyuma, akapiga goti moja na joho lake likaburuza sakafuni. "Nisamehe, babu. Sikukusudia kukuvunjia heshima."

"Nimekusamehe. Na kwa kuwa neno limesemwa mbele ya watu, utaleta jogoo mmoja."

"Nitaleta, babu."

"Babu," nikasikia sauti ya Nyanjura, ndogo, imebanwa na meno, "rudi kizimbani. Tafadhali."

"Na wewe njoo hapa!" nikamwambia. "Wewe umemwona mwenzako anapotoka ukamwachia. Njoo hapa mshikane mikono."

Akaja. Mwanasheria wa mwaka wa tatu, ndani ya joho, akaja akiangalia chini kama siku ile alipovunja mtungi wa bibi yake. Nikawashikanisha mikono. Jaji mkuu akavua miwani.

"Mzee," akasema, "baraza la wazee ni baada ya chakula."

"Mama," nikajibu, "ugomvi hausubiri chakula."

Ukumbi ulilipuka. Wanafunzi wa nyuma walisimama juu ya viti. Baadaye yule mama aliniambia kwamba alipaswa kunizuia wakati ule, ila alilelewa na babu yake huko Sengerema, na mdomo wake ulikataa kabisa kumwambia mzee mwenye bakora akae chini. Hakunizuia. Nami nilipoona wagomvi wamepatana, majaji wametulia, umati umenisikiliza, nikasema moyoni, kwa nini kesi hii tuiache njiani?

"Sasa tumalize," nikasema. "Mtumbwi ulipozama, Masatu mwenyewe alikuwa wapi?"

Nyanjura akafumba macho.

Mutalemwa akanitazama, akamtazama Nyanjura, kisha nikaona uso wake unafunguka polepole kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Alikuwamo, babu. Imeandikwa kwenye maelezo ya kesi. Aliomba lifti kwenda ng'ambo. Yeye ndiye aliyeshika kasia la nyuma."

"Alikuwamo!" nikasema. "Basi mnagombania nini? Kwa wazee walionilea mimi, mwenye chombo akiwamo ndani ya chombo, hakuna kulipana. Ziwa limewakuta wote. Hata sheria ya Musa juu ya mnyama wa kuazima inasema hivyohivyo, mwenyewe akiwapo aliyeazima halipi. Masatu aende nyumbani, Bwire amsaidie kuchonga mwingine, na wake zao wasinuniane."

Nikapiga bakora sakafuni. Watu walishangilia, walipiga miguu chini, mmoja alipiga vigelegele. Nilinyanyua mkono kuwashukuru, kisha nikageuka nipokee pongezi za mjukuu wangu, nikakuta machozi yanamtiririka.

Jaji mkuu alisubiri kelele zitulie. "Mzee wangu," akasema, "leo umekuwa shahidi, umekuwa wakili, umekuwa jaji. Imebaki kufungwa tu." Wakacheka tena, lakini safari hii mimi sikucheka, kwa sababu nilianza kuona kwamba muda wote mimi na wao hatukuwa tukicheka jambo moja. Akanong'onezana na wenzake, kisha akaeleza kwa upole kwamba shahidi wa mdai mwenyewe ametoa ushahidi unaoangusha madai ya mdai, na kwamba ile sehemu ya tatu haina haja tena, kwa sababu wahusika wamekwisha kupatanishwa na bado wameshikana mikono. Mutalemwa ndiye atakayekwenda Kampala.

Nilimkuta Nyanjura nje, amekaa juu ya mwamba ulio pembeni ya ukumbi, joho amelikunja mapajani. Nikakaa karibu yake.

"Nilisema uongo?" nikamuuliza.

"Hapana, Babu. Ulisema kweli tupu."

"Sasa unalia nini?"

"Hakuna aliyekuuliza." Akajifuta kwa kiganja. "Mutalemwa hakuwa ameliona hilo la Masatu kuwamo. Lilikuwa kwenye karatasi yake, amelisoma mara mia, hakuliona. Wiki tatu nimemwomba Mungu asilione."

(Maombi ya namna hiyo katekista anayo majibu yake, lakini niliyameza.)

"Kumbe ulitaka nifiche?"

"Sikutaka ufiche. Angekuuliza, ungejibu, ningepambana. Nilikuwa na hoja zangu. Ile ndiyo namna yao, Babu. Shahidi anakuja na upande mmoja, wa upande wa pili ndiye mwenye kazi ya kuuliza, jaji anawaacha wapambane na kweli inatoka katikati yao. Burundi jaji angekuuliza mwenyewe. Barazani angekuuliza yeyote, hata mpita njia mwenye mzigo kichwani. Wewe umeingia nyumba ya watu ukaanza kuhamisha viti." Akalikunja tena joho lake. "Yote nilikuandikia."

Niliona haya kumwambia kwamba sikuzisoma, nikamwambia tu twende nyumbani tukale. Akasema ana kazi. Na Jumapili iliyofuata hakuja, na ya pili, na ya tatu.

Jumapili hiyo ya tatu, katikati ya wimbo, nilifungua kitabu cha nyimbo na karatasi zake zikaanguka miguuni mwa bibi yake. Aliziokota akasoma palepale watu wakiimba, kisha akaniwekea ya pili juu ya kitabu changu, kidole kikionyesha mstari. Sikumaliza ubeti. Nilikaa.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi jua limekwisha kupanda, nikasikia hodi. Nyumba yetu iko juu ya mawe, anayefika lazima awe ametaka kufika. Nilipotoka nikamkuta Mutalemwa, shati limelowa jasho, na kwapani ana jogoo mwekundu aliyekuwa mtulivu kuliko yeye.

"Shikamoo, babu. Nimeleta faini."

"Marahaba. Faini? Kijana wangu, si ule ulikuwa mchezo wa chuo?"

"Mimi nilidhani hivyo, babu. Lakini nilimsimulia mama kwa simu. Akasema, hiyo Kampala huendi ukiwa na deni la mzee shingoni. Amenipigia kila siku. Jana ameuliza rangi ya jogoo."

Ndugu zangu, aibu ya ukumbini ilikuwa ya watu wengi, hii ilikuwa ya mtu mmoja na jogoo, na ilikuwa nzito zaidi. Maana nikimpokea, nimethibitisha kwamba alikosa, na nilikwisha kusoma ukurasa wa pili, najua hakukosa. Nikimkataa, kwa mila mzee anayekataa faini ni mzee ambaye hajasamehe, na kijana atasafiri na moyo mzito. Nikamkaribisha ndani, bibi akampa maji, nami nikaenda pembeni nikampigia Nyanjura.

"Mutalemwa yuko hapa na jogoo," nikamwambia.

Kisha nikasikia kicheko, cha kwanza tangu siku ile. "Nakuja."

Alifika, akamwona mpinzani wake amekaa kwenye kochi letu na jogoo miguuni, akasikiliza habari yote. Kisha akakaa wima, sauti yake ikawa ile ya ukumbini.

"Babu, hukumu yako ina rufaa?"

"Kwa nani?"

"Kwa bibi."

Bibi alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Nasikiliza," akasema.

"Mimi ni wakili wa Mutalemwa," Nyanjura akasema. "Na huyu ndiye shahidi." Akanitazama. "Shikamoo, shahidi."

"Marahaba."

"Nilikupa karatasi ngapi?"

"Tatu."

"Kabla ya siku ile ulisoma ngapi?"

"Unajua, mjukuu wangu, mimi kwa uzoefu wangu wa—"

"Ulisoma ngapi?"

"Hakuna."

Mutalemwa aliziba mdomo kwa mkono. Nyanjura akanipa ukurasa wa pili. "Isomee mahakama mstari wa nne."

Nikavaa miwani. "Mutalemwa atasema unadanganya. Hiyo ni kazi yake, si matusi. Usikasirike, Babu. Sema si kweli, kisha nyamaza."

"Katika nyumba ile, Mutalemwa alivunja sheria gani?"

"Hakuna."

"Na wewe?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa na Musa, nilikuwa na Paulo aliyeijua sheria ya Warumi akakata rufaa kwa Kaisari, nilikuwa na miaka yangu yote ya barazani. Nikavuta pumzi. Bibi akainua macho kutoka kwenye ungo.

"Jibu ulichoulizwa, Baba Nyangeta."

"Nilivunja."

"Sina swali zaidi, Mheshimiwa Bibi."

Bibi akapangusa mikono. Hukumu yake ilikuwa fupi, maana yeye hakusomea. Faini imefutwa. Kijana amesamehewa tangu siku ya kwanza na asafiri na moyo mweupe. Aliyekosa ni mzee, naye atatoa jogoo wake mwenyewe, achinjwe sasa hivi, tule wote. Basi akachinjwa jogoo wangu, yule aliyekuwa akiniamsha kwa sala ya alfajiri. Wa Mutalemwa alibaki uani kwetu, kwa sababu Kampala hawapokei jogoo kwenye mashindano.

Kabla ya kula nilisimama. Haikuwa rahisi, magoti yangu na kiburi changu ni wa rika moja. Nikamwomba radhi Mutalemwa, naye akanishika mikono yote miwili. Kisha nikamgeukia Nyanjura.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Nilikunyima Kampala."

"Ulininyima, Babu," akasema. Hakusema haidhuru. Hakusema ni mapenzi ya Mungu. Alisema ulininyima, akanitazama nimalize kulisikia, kisha akasema, "Nimekusamehe," akanisogezea paja la kuku.

Tangu siku hiyo nimejiwekea nadhiri, nami nina bidii ya kuitunza: nikiitwa kusema mbele za watu, nitauliza kwanza nyumba hii ni ya nani na hapa nani anauliza, na nikipewa karatasi ya mtoto nitaisoma mpaka chini, hata kama kilichoandikwa nakijua tangu utoto. Nilidhani kujua sheria za watu wengi kunatosha. Kumbe kila sheria ina adabu zake za kukaa na kunyamaza, na mwenye kuzijua zote bila kuzitii pale alipo ni mgeni mwenye kelele tu. Mutalemwa alikwenda, akatuletea kahawa na salamu. Mwaka huu Nyanjura anashindana tena. Hajaniomba niwe shahidi, nami sijajipendekeza. Nimemwomba tu aniruhusu nikae nyuma kabisa, karibu na mlango, akasema atafikiri.

Na wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akupe masikio kabla ya maneno, akupe watoto wenye ujasiri wa kukuuliza na moyo wa kuwajibu kwa kifupi, na siku utakapoaibika mbele za watu, akuwekee karibu mmoja atakayekusogezea sahani. Amina.